Anayemdai Marehemu Ajitokeze

Kwenye mazishi mengi ya kwetu, kabla jeneza halijashushwa kaburini, husimama msemaji wa familia akatoa tangazo ambalo kila mtu amelizoea: kama kuna anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, aonane na familia. Halafu hunyamaza kidogo. Watu hutazama chini, wengine hurekebisha khanga. Ni nadra mtu kujitokeza palepale. Wenye madai huja baadaye, jioni, wakibisha hodi taratibu kwa haya.

Tangazo hilo limenikaa kichwani tangu tulipomzika baba yangu mkubwa, kule Bungu. Nimelisikia tangu utotoni, na siku zote nililichukulia kuwa ni sehemu ya utaratibu tu, kama vile kuwaelekeza wageni wapi pa kunawa mikono. Safari hii nililisikia kama swali.

Kazi niliyopewa msibani ilikuwa ndogo. "Si wewe ndiye mwandishi wa habari?" akaniuliza baba mdogo. "Basi andika historia ya marehemu. Ukurasa mmoja. Mchungaji hapendi ndefu." Aliyewahi kwenda msibani anaijua historia hiyo: alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaoa, akafanya kazi, akaugua, ameacha mjane na watoto kadhaa na wajukuu kadhaa. Katikati huingizwa sifa mbili tatu. Wazee waliokaa chini ya turubai walinipa mbili bila hata kufikiri. Ya kwanza: alikuwa mtu wa familia. Ya pili: alikuwa hodari wa mauzo, kati ya Korogwe na Same hakuna duka la pembejeo ambalo mwenyewe hakumjua kwa jina.

Nikaziandika zote mbili. Kisha dada yangu, binti yake wa kwanza, akaisoma karatasi ikiwa bado haijakamilika, akanirudishia. "Sawa," akasema. "Lakini ule mwaka umeuruka."

Nilijua anasema mwaka gani. Na nilikuwa nimeuruka kwa makusudi.

Bungu ni kata ya Korogwe Vijijini, juu kwenye milima ya Usambara Magharibi. Chini kuna tambarare za mkonge na mji wa Korogwe, ambako barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha inapita. Juu kuna ukungu, migomba na maharage, na ukielekea Dindira na Ambangulu unakutana na mashamba ya chai. Mwenye cha kuuza anaishi juu, mwenye fedha ya kununua yuko chini, kwa hiyo kwetu biashara ilianzia miguuni. Baba mkubwa alianza hivyo akiwa kijana: anashuka alfajiri na mkungu wa ndizi kichwani, anapanda jioni na chumvi na mafuta ya taa.

Baadaye akapata ukarani kwenye kampuni ya biashara ya mkoa, zile RTC za enzi za Ujamaa. Biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 akahamia kwa msambazaji binafsi wa pembejeo: mbegu, dawa za mimea, mabomba ya kupulizia, majembe. Akawa mtu wa mauzo kamili, na begi la ngozi, kitabu cha oda, na targeti ya kila mwezi. Sebuleni kwake kuna saa ya ukutani aliyozawadiwa kwa kuongoza kanda nzima. Iliacha kufanya kazi zamani, lakini hakuna aliyethubutu kuishusha.

Tuna methali inayomkandia mtu wa kazi hii: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiisikia unapata picha ya mtu anayezunguka na begi kwa sababu alichobeba hakifai. Nadhani ni methali ya mtu aliyekuwa na duka mahali penye watu wengi. Kule mlimani hakuna kizuri kinachojiuza. Bomba linaloweza kuokoa nyanya za mtu halipandi kilima lenyewe. Lazima mtu alibebe, alieleze, arudi wiki ijayo kuona kama limekubali. Nilipomtajia baba mkubwa methali hiyo, alicheka akasema hata kizuri kinaazima miguu ya mtu.

Nilimfuata safarini mara mbili nikiwa shule ya msingi, wakati wa likizo. Nilichokiona ni kwamba hakuanza hata mara moja na bidhaa. Alianza na habari: mama anaendeleaje na mguu, yule ng'ombe amezaa, kijana amefaulu? Mlimani alisalimia kwa Kisambaa, Handeni kwa Kizigua, Same kwa Kipare cha kuungaunga kilichowachekesha wenyeji. Na alikuwa na daftari. Mbele aliandika mauzo na madeni, na nyuma aliandika majina ya watoto wa wateja wake na madarasa yao, ili asikosee kuuliza.

Nilipokuwa chuo kikuu, nikiwa na ule ujuaji wa mwaka wa pili, nilimuuliza kama hizo salamu zote zilikuwa za kweli au zilikuwa mbinu. Hakukasirika. Akaniuliza: "Ukijifanya unampenda mtu kwa miaka ishirini, na siku akifiwa unatoka usiku kwenda kumzikia mama yake, hapo bado unajifanya?"

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina uhakika kama ninalo.

Tukumbuke pia alikua katika nyakati gani. Neno bepari lilitufikia kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na huko kwao lilimaanisha mfanyabiashara tu, basi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 likawa tusi, likakaa meza moja na kupe na kabaila. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ya mfanyabiashara wa Venice, akaiita *Mabepari wa Venisi*. Jina alilotoa Shakespeare lina mfanyabiashara mmoja. La Mwalimu lina wengi, na msomaji wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa awaone kwa jicho gani. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili ya ushirika yachukue nafasi. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, na watu wakatupa bidhaa vichakani usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Mtu aliyeifanya kazi ya kuuza katika miaka hiyo yote alijua kwamba yuko mahakamani kila siku, hata kama hajaitwa. Nadhani hapo ndipo baba mkubwa alipoipata tabia yake ya kutaka kila mtu aone mikono yake.

Sasa hiyo sifa nyingine, ya mtu wa familia. Jumatatu alfajiri alikuwa anaondoka. Ijumaa usiku au Jumamosi mchana anarudi, na machungwa kama amepita Muheza, na mkate, na mara moja moja viatu vya mtu. Jumapili kanisani. Jumatatu anaondoka. Hakulewa, hakuwa na nyumba ndogo, hakuna mtoto aliyelala njaa. Kwa vipimo vya kijiji chochote ninachokijua, huyo ni mtu wa familia. Lakini ukijumlisha siku alizolala nyumbani kwake kwa miaka thelathini ya kazi, hazifiki nusu.

"Watoto wa wateja alikuwa anajua wako darasa la ngapi," dada aliniambia usiku ule, tukikoleza moto. "Mimi alikuwa ananiuliza."

Na sasa ule mwaka.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1990, msimu wa masika. Kampuni ilimpa mbegu mpya ya mahindi aiuze, mifuko ya kilo mbili mbili. Eka moja huchukua kilo nane hadi kumi, kwa hiyo kwa mkulima mdogo hiyo si fedha ya mchezo. Baba mkubwa aliiuza sehemu nyingi, na safari hiyo aliiuza nyumbani pia, Bungu na vijiji vya jirani. Watu 37 walinunua. Hawakununua kwa sababu ya maandishi ya kwenye mfuko. Walinunua kwa sababu aliyeushika mfuko walikuwa wanaijua nyumba yake, mke wake, na benchi analokalia kanisani.

Wiki ikapita, siku kumi zikapita, mashamba yakabaki meusi. Palipoota, liliota shina moja hapa, jingine kule. Watu wakafukua wakakuta mbegu imeoza. Kampuni ikajibu kwamba tatizo ni mvua, na pengine wakulima wamepanda vibaya. Siku hizi mfuko wa mbegu hubandikwa lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na mkulima anaweza kuihakiki kwa simu. Wakati ule hata Sheria ya Mbegu ya 2003 ilikuwa bado. Lebo ilikuwa uso wa muuzaji.

Kilichofuata nilikisikia kwa watu wazima, maana nilikuwa mtoto. Baba mkubwa alipita nyumba kwa nyumba, zote 37, akarudisha fedha. Aliharakisha kwa sababu mvua ilikuwa haijakatika. Mtu akipata fedha wiki ile aliweza kununua mbegu nyingine na kupanda upya. Aliuza ng'ombe mmoja. Haikutosha. Iliyobaki aliitoa kwenye fedha aliyokuwa ameitenga kwa ajili ya ada ya dada, aliyekuwa kidato cha pili kwenye shule ya kulipia. Baada ya Pasaka dada akarudishwa nyumbani kwa kudaiwa ada. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili ukafanyika yeye yuko Bungu anachota maji. Januari iliyofuata akaanza upya, darasa moja na wadogo zake.

Kijijini hadithi hiyo inasimuliwa kama sifa. Nimeisikia kwenye harusi. Katika masimulizi hayo dada hayumo kabisa. Kuna mbegu, kuna ng'ombe, kuna mtu mwaminifu anayebisha hodi.

Wapenzi wa falsafa watakuwa wamemkumbuka muuza duka wa Kant. Katika kitabu chake cha 1785 kuhusu misingi ya maadili, Immanuel Kant anatoa mfano wa mwenye duka anayeuza kwa bei moja kwa wote, kiasi kwamba hata mtoto akitumwa hawezi kupunjwa. Je, huyo ni mtu mwema? Kant anasema uaminifu huo peke yake hautoshi kutufanya tuamini hivyo. Uaminifu wake una faida: wateja watarudi. Pengine ni wajibu unaomwongoza, pengine ni hesabu tu. Ili tujue, ingebidi tumwone siku ambayo uaminifu unamletea hasara.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba baba mkubwa aliipata siku hiyo na akafaulu mtihani wa Kant. Hakuna aliyemlazimisha. Kampuni ilishampa kisingizio, mvua. Angeweza kukishika na kulala. Alilipa, na ilimuuma.

Usiku wa msiba nilimweleza dada hivyo, kwa maneno mepesi. Nikaongeza, nikidhani namfariji, kwamba hata yeye alifaidika: watu waliendelea kumwamini baba, mauzo yakapanda, na ada zote zilizofuata, mpaka chuo, zilitoka kwenye imani ileile.

Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo mimi nilikuwa mtaji?"

Dada ni mhasibu. Hatumii neno mtaji ovyo.

Nimelizungusha swali hilo tangu siku ile, na nitasema ninavyoliona. Tunapomsifu mtu kwamba alilipa deni la heshima, huwa tunatazama mkono uliotoa fedha. Hatuulizi fedha ilitoka mfuko gani. Ng'ombe alikuwa wake, au wake na mama mkubwa. Ada ilikuwa ya nani? Alikuwa ameiahidi. Ahadi kwa mtoto wa kidato cha pili haina risiti, lakini kama ahadi kwa jirani ni deni, sioni ni kwa hoja gani ahadi kwa mtoto si deni. Basi siku ile alikuwa na wadai 38. Akawalipa 37 kwa fedha ya wa 38.

Alimchaguaje huyo mmoja? Nadhani kwa namna ambayo wengi wetu tunachagua. Jirani asipolipwa atasema. Ataweka kinyongo, atahamia duka jingine, atakukwepa kanisani. Mtoto hana pa kwenda. Mtoto atasamehe, au hata asiposamehe atapika ugali na kuuweka mezani. Tunakopa pale ambapo hatuwezi kunyimwa. Watu wengi wanaosifiwa kuwa wakarimu kwa nje wana mkopeshaji ndani ya nyumba ambaye jina lake halijaandikwa popote: mke aliyeuza vitenge vyake, dada aliyeachishwa shule ili kaka asome, mtoto aliyesubiri. Ninaogopa kwamba mara nyingi tunaposema "alikuwa mtu wa familia" tunamaanisha familia yake haikumdai.

Lakini nikisimama hapo nitakuwa nimemwonea. Wale 37 nao walikuwa na watoto. Kwao mbegu kuoza haikuwa swali la heshima, lilikuwa swali la chakula cha Agosti. Wiki mbili za kuchelewa zingemaanisha msimu mzima umekwenda. Mwaka wa shule unarudiwa kwa uchungu, lakini unarudiwa; nyumba isiyovuna haiwezi kuurudia mwezi wa njaa. Mtu akiniambia kwamba mwenye kuleta hasara kwa watu 37 anapaswa kuihamishia kwake mwenyewe kabla ya kuhesabu yaliyo yake, nitamkubalia. Tatizo langu ni hilo neno "kwake". Je, mtoto wangu ni sehemu ya mimi, kiasi kwamba nikimtoa nimejitoa? Au ni mtu mwingine, mwenye haki yake, ambaye nimemchukua bila kumuuliza?

Kizazi cha baba mkubwa kingesema ni sehemu yangu, bila kusita. Dada anasema ni mtu mwingine. Naona wote wawili wanazungumzia kitu cha kweli. Mtoto unayemhesabu kuwa ni wewe mwenyewe utamfia, na kwa sababu hiyohiyo utamtumia.

Usiku wa pili tulifungua begi la ngozi kutafuta cheti chake cha ubatizo, kwa sababu mchungaji alitaka tarehe. Tukakuta daftari kadhaa zimefungwa kwa mpira. Alikuwa muumini wa ule msemo wa mali bila daftari kupotea bila habari. Daftari la mwaka ule lilikuwepo. Ukurasa mzima una majina 37, kiasi cha fedha mbele ya kila jina, na alama ya vema mbele ya kila kiasi. Namba 38 ni jina la dada. Mbele yake kuna kiasi cha ada ya nusu mwaka. Alama ya vema haipo.

Ada hiyo aliilipa, tena yote, mwaka uliofuata. Dada mwenyewe anakiri. Mtu aliyeweka alama kwenye madeni ya shilingi mia tano hakusahau kuiweka hapo. Mimi ninavyomsoma, alijua kwamba alichorudisha ni fedha, na alichochukua hakikuwa fedha.

Nilimtazama dada nikitegemea machozi, kama kwenye filamu. Alilisoma mara mbili, akalifunga. "Aliniandika," akasema. "Angeniambia."

Sasa likabaki swali langu, la mwandishi. Niandike au nisiandike? Mama mkubwa alisema marehemu hasemwi. Baba mdogo alisema ukurasa mmoja.

Nilikuwa namfikiria Arthur Miller. Alikuwa na mjomba mtu wa mauzo, Manny Newman, huko Brooklyn. Katika tawasifu yake ya 1987, *Timebends*, anasimulia jinsi alivyokutana naye Boston mwaka 1947, nje ya ukumbi ambako tamthilia yake ilikuwa inachezwa. Mjomba hakumsalimia wala hakusema lolote kuhusu tamthilia. Alianza moja kwa moja kumweleza kwamba mwanawe, binamu wa Miller, anafanya vizuri sana. Kutokana na mtu huyo, na wengine aliowajua, Miller aliandika *Death of a Salesman*, iliyopanda jukwaani New York Februari 1949. Muuzaji wake, Willy Loman, anakula na kulala na ndoto ya mazishi makubwa, ambako wateja na wauzaji wenzake watajaa kutoka kila jimbo. Anajiua ili familia ipate fedha za bima. Siku ya kuzikwa wanakuja mke, wana wawili na majirani tu.

Watu wengi wamegundua kwamba katika tamthilia nzima hatuambiwi Willy anauza nini. Nilidhani ni ujanja wa mwandishi. Sasa naona ndiyo hadithi yenyewe: kila siku alikuwa anauza sura yake, na mwisho akaiuza roho yake, akiamini familia ndiyo itakayopokea bei. Hakumuuliza mtu yeyote nyumbani kama wanaitaka bei hiyo.

Je, Miller alimkosea mjomba wake? Wapo watakaosema alimwanika. Lakini fikiria njia nyingine iliyokuwepo: ukurasa mmoja wenye maneno kwamba alikuwa mtu wa familia na hodari wa mauzo. Ungesomwa dakika tatu, na mjomba angekuwa amekwisha. Sifa isiyo na gharama ndani yake haimhusu mtu yeyote hasa. Unaweza kubadili jina ukaitumia wiki ijayo kwa marehemu mwingine. Na mwandishi wa wasifu anayeficha gharama hamlindi marehemu. Anamwondoa kwenye hesabu yule aliyeilipa.

Baba mkubwa hana mazishi ya Willy. Watu walijaa mpaka barabarani, wengine walipanda kutoka Handeni na Same. Kama kipimo ni umati, alishinda. Lakini umati haukujua habari za namba 38.

Nilimuuliza dada. Sikutaka kufanya kosa lilelile la kutumia kilicho chake bila ruhusa. Alifikiri, akasema niandike, fupi, bila kumpamba yeye wala baba. Tukaenda kwa mama mkubwa pamoja. Alitusikiliza, akauliza kama ng'ombe atatajwa. Tukasema ndiyo. "Mtaje vizuri," akasema. "Alikuwa na mimba."

Hilo hatukulijua. Wadai walikuwa 39.

Mchungaji aliisoma kama ilivyoandikwa. Kwamba mwaka mmoja mbegu alizouza hazikuota. Kwamba aliwarudishia wote fedha zao. Kwamba alimuuza ng'ombe wa mke wake aliyekuwa na mimba, akatumia ada ya binti yake, na binti akapoteza mwaka wa masomo. Kwamba aliliandika deni hilo kwenye daftari lake na hakulifuta. Kisha ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na moja. Watu wakatulia kuliko nilivyotarajia. Nilisikia mtu akikohoa mbali, kwenye migomba.

Likaja tangazo. Anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, aonane na familia. Kimya. Jeneza likashushwa.

Jioni, watu wakiwa wameanza kushuka, mzee mmoja alikuja pale alipokuwa amekaa dada. Alikuwa na fimbo, na koti zito la mlimani. Hakukaa.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilikuwa mmoja wa wale. Fedha ililetwa nyumbani jioni, nikapanda tena, nikavuna. Sikujua ilitoka wapi. Hakutuambia."

"Hata mimi hakuniambia, baba," dada akamjibu.

Mzee akatikisa kichwa. Akasimama pale kwa muda, kisha akauliza alirudi shule mwaka gani, na baada ya hapo alisoma wapi, na sasa anafanya kazi gani. Dada akamsogezea kiti. Nilipopita na sinia la vikombe walikuwa bado wanaongea, na mzee alikuwa anauliza watoto wake wako darasa la ngapi.